Nyambizi Iliyoopolewa Mara Tatu

Agosti 8, 2000, kreni iliinua kutoka baharini, nje ya bandari ya Charleston nchini Marekani, bomba la chuma lenye urefu wa mita 12. Lilikuwa limelala chini ya mchanga miaka 136. Hiyo ndiyo H. L. Hunley, nyambizi ya kwanza duniani kuzamisha meli ya kivita.

Ilikwisha kuopolewa mara mbili kabla ya hapo. Agosti 1863 ilizama bandarini, wakafa watano. Oktoba ikazama tena na wote wanane waliokuwamo, akiwemo Horace Hunley, aliyegharimia ujenzi wake. Kila mara ilivutwa juu, maiti wakatolewa, chuma kikasuguliwa, wakatafutwa wengine wa kuingia. Nashindwa kufikiria miguu iliwabebaje watu hao. Ndani humo mtu hawezi kusimama wima. Saba walikaa wamebanana wakizungusha rafadha kwa mikono, wa nane akishika usukani.

Usiku wa Februari 17, 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wanane wengine walitumia baruti iliyofungwa kwenye ncha ya mlingoti mrefu kuizamisha USS Housatonic, meli ya Kaskazini iliyokuwa ikizuia bandari ya Kusini, upande uliopigania utumwa uendelee. Mabaharia watano wa Housatonic walikufa. Hunley nayo haikurudi.

Iligunduliwa 1995 na wazamiaji waliofadhiliwa na mwandishi wa riwaya Clive Cussler. Safari hii hakukuwa na haraka. Wazamiaji walichimbua mchanga kidogo kidogo, wakapitisha mikanda chini ya tumbo lake, mmoja baada ya mwingine, kisha wakaiinua ikiwa imelala kiubavu kama walivyoikuta, ili kilichomo kisitikisike. Uvumilivu huo ulilipa. Ndani ya tope mifupa ya wanane hao ilikutwa kila mmoja mahali pake pa kazi, hawakusongamana mlangoni. Luteni George Dixon, kamanda wao, alikuwa na sarafu yake ya dhahabu, iliyobonyea kwa risasi katika vita vya Shiloh, 1862.

Walipigania jambo ovu, nami sitalipamba. Hata hivyo, maiti ana haki ya kaburi. Aprili 17, 2004 walizikwa katika makaburi ya Magnolia mjini Charleston, pamoja na wenzao waliotangulia kufa ndani ya chombo hicho hicho. Nyambizi yenyewe iliwekwa ndani ya tangi la maji, chumvi ya bahari itolewe polepole kwenye chuma chake. Hakutafutwa tena mtu wa kuingia.