Romila Thapar na jiwe la nahodha wa Hormuz

Mwaka 1264 nahodha mmoja kutoka Hormuz, Nuruddin Firuz, alipata kiwanja cha kujenga msikiti mjini Somanatha, pwani ya Gujarat. Mji huo ndio wenye hekalu lililovamiwa na Sultan Mahmud wa Ghazni mwaka 1026. Waliomwezesha kupata ardhi ni wakubwa wa mji wenyewe, akiwemo kuhani wa Kihindu. Makubaliano yakachongwa kwenye mawe kwa Kisanskriti na Kiarabu, na pesa za ziada za msikiti zikaamriwa zipelekwe Makka na Madina.

Kwa sisi tuliozoea habari za majahazi ya Gujarat na Ghuba, hilo si ajabu sana. Huko India ni moto. Wanasiasa wengi wamelijenga jina lao juu ya Somanatha, wakisema Wahindu wamebeba donda la uvamizi ule kwa karne zote.

Mwanahistoria Romila Thapar aliamua kupekua. Katika kitabu chake cha 2004 kuhusu Somanatha aliweka pamoja tarehe za Kiajemi, maandishi ya Kisanskriti na vitabu vya Wajaini, akaona kila kundi lina habari yake. Wasimulizi wa masultani walitia chumvi ushindi wa Mahmud. Wenyeji waliendelea na biashara. Habari ya donda la Wahindu, anasema, aliikuta kwanza katika mjadala wa Bunge la Uingereza mwaka 1843. Yaani mkoloni ndiye aliyeipa sauti. Wapo wasomi wanaompinga, wakisema anapunguza uzito wa uvamizi wenyewe. Mimi naona jiwe la nahodha ni gumu kulijibu.

Thapar alizaliwa Lucknow mwaka 1931, binti wa daktari wa jeshi. Alipata uzamifu London mwaka 1958, na utafiti wake juu ya mfalme Ashoka ukatoka kitabu mwaka 1961. Kuanzia 1970 hadi 1991 alifundisha Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, Delhi.

Kilichomletea maadui zaidi ni vitabu vya shule. Aliandika kwamba Wahindi wa kale walikula nyama ya ng'ombe, jambo lililomo katika maandiko yao wenyewe. Mwaka 2001 vifungu vya namna hiyo viliamriwa viondolewe, watoto wasivisome.

Serikali ilimpa nishani ya Padma Bhushan mara mbili, 1992 na 2005. Mara zote aliikataa, akisema hupokea tuzo za taasisi za elimu na za kazi yake tu. Tuzo ya Kluge ya Marekani aliipokea mwaka 2008, pamoja na Peter Brown.

Mwaka 2019 chuo alichokitumikia kilimtaka awasilishe wasifu wake, ili kipime kama bado anastahili heshima ya profesa mstaafu. Hakuupeleka. Alikuwa na miaka 87.