Nyama ya Nguruwe na Mchuzi Wake

Nyama ya nguruwe ni haramu kwa Waislamu, nao hawaili. Lakini katika nchi za bara, kama vile Mbulu na Mbozi katika Tanzania, watu wengi hufuga nguruwe na kula nyama yake. Apikaye nyama hii yampasa kushika mambo mawili pamoja: iive hata ndani, wala isikauke ikawa ngumu kama ngozi.

Jambo la kwanza ni la afya. Ndani ya nyama ya nguruwe huweza kuwamo vifuko vidogo vyeupe, mfano wa punje za mchele, na katika kila kifuko mna mtoto wa tegu. Mtu akila nyama hiyo mbichi, au iliyoiva nusu, tegu huweza kukua tumboni mwake hata kupata urefu wa mita 2 au zaidi. Mayai yake hutoka pamoja na choo. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu au chakula kichafu, watoto wa tegu huweza kufika hata ubongoni, wakaleta kifafa. Basi nyama yenye vifuko hailiwi kamwe. Na ile iliyokaguliwa na bwana afya, nayo hupikwa mpaka iive.

Jambo la pili ni la upishi. Nyama ina maji mengi katika nyuzi zake. Moto ukizidi, nyuzi hujikaza na kuyatoa maji hayo, kama nguo ikamuliwavyo na mfuaji. Kwa hiyo mpishi hodari hutumia moto wa namna mbili: mkali kwanza, mpole baadaye.

Hukata mnofu vipande vipana, unene wa kidole gumba, huvipaka chumvi na pilipili manga, na kuviacha nusu saa. Kisha huvifuta kwa kitambaa safi, kwa sababu maji yachemkayo hayapiti joto la digrii 100, na nyama iliyolowa hutokota tu, haipati rangi. Hutia mafuta kidogo katika kikaango juu ya moto mkali, na kukaanga kila upande dakika 3, mpaka uwe wa rangi ya hudhurungi. Hapo huviepua.

Sasa moto hupunguzwa. Katika mafuta yaliyosalia hukaangwa kitunguu kilichokatwa, kisha kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano. Unga ukigeuka rangi, hutiwa vikombe 2 vya maji, kidogo kidogo, huku mpishi akikoroga ili usifanye madonge, na kukwangua yaliyoganda chini ya kikaango, maana ndiyo yenye utamu.

Mchuzi ukichemka, nyama hurudishwa, hufunikwa, na kuachwa juu ya makaa machache dakika 15 au 20. Mwenye kipimajoto hungoja digrii 71 katikati ya nyama. Asiye nacho hukata kipande kinene kuliko vyote: kikiwa na wekundu bado, chote hurudi motoni.

Kisu, ubao na mikono iliyogusa nyama mbichi huoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Ndipo nyama hupakuliwa pamoja na mchuzi wake mzito, ikaliwa kwa ugali au ndizi, laini na salama.