Uvimbe uliosinyaa bado haujafa

Mtoto akiumwa kichwa kila asubuhi, akatapika bila kuharisha, kisha mkono au mguu mmoja ukaanza kulegea, wazazi wengi hufikiria malaria kwanza. Huko Turkana, daktari mwenye uzoefu hufikiria na jambo jingine: huenda kuna kifuko cha maji kinachokua polepole ndani ya ubongo.

Kifuko hicho huletwa na tegu mdogo anayeishi katika utumbo wa mbwa. Kitaalamu tegu huyo huitwa Echinococcus granulosus, na urefu wake ni milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kushika kwenye manyoya, udongo na maji. Binadamu akiyameza, vijidudu vinavyoanguliwa hupenya utumbo na kusafiri katika damu. Vingi hukwama kwenye ini, vingine mapafuni. Ni mgonjwa 1 au 2 tu kati ya 100 ambao kifuko huota ubongoni mwao, na aghalabu ni watoto.

Kwa nini Turkana?

Katika miaka ya 1980 watafiti walikadiria kwamba kaskazini-magharibi mwa Turkana watu 220 kati ya kila 100,000 walikuwa wakipatikana na ugonjwa huu kila mwaka. Hakuna mahali pengine duniani palipokuwa pameandikwa kiwango kama hicho. Sababu hazikuwa siri. Maji ni haba, mifugo huchinjwa nyumbani, mbwa hula matumbo yenye vifuko, na mbwa huyo huyo hulala na familia na kumlamba mtoto mchanga aliyejichafua.

Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kupambana na ugonjwa huo. Mbwa walipewa dawa ya tegu, na mashine za ultrasaundi zikapelekwa hadi vijijini kutafuta wagonjwa ambao hawakujua kuwa ni wagonjwa.

Dawa na mtego wake

Dawa inayotumika zaidi ni albendazoli. Ndiyo hiyo hiyo wanayopewa wanafunzi shuleni kutoa minyoo, lakini hapa kidonge kimoja hakifui dafu. Mgonjwa hunywa kila siku, mara mbili kwa siku, kwa miezi 3 hadi 6, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili dawa iingie vizuri mwilini. Damu yake hupimwa mara kwa mara, kwa maana dawa inaweza kudhuru ini na kupunguza chembe nyeupe za damu.

Mtego uko hapa. Baada ya muda kifuko husinyaa, tumbo likashuka, maumivu yakaisha. Familia huona mtoto amepona, vidonge huachwa na safari ya kliniki huahirishwa. Lakini kusinyaa si kufa. Ndani ya ukuta wa kifuko huwa mna mbegu hai, na zikibaki, hujaa maji upya na kuzaa vifuko vingine.

Hata waliomaliza dawa hawako salama wote. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, uliokusanya habari za wagonjwa zaidi ya 700 kutoka vituo 6 vya tiba, ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya kuanza dawa, takriban vifuko 40 kati ya 100 vilikuwa bado hai au vimeamka tena.

Madaktari wa saratani wanaujua mtego wa aina hii. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dabrafenibu na trametinibu zitumike pamoja kwa watoto wenye aina fulani ya uvimbe wa ubongo. Dawa hizo hufunga njia inayoamrisha seli zikue. Zikisimamishwa, uvimbe wa baadhi ya watoto huanza kukua tena. Hivyo kuacha dawa ni uamuzi wa daktari mwenye picha mkononi.

Kifuko cha ubongoni

Kifuko kilicho ubongoni hakiachiwi vidonge peke yake. Mtoto hufanyiwa upasuaji, na daktari hujitahidi kukitoa kizima. Kikipasuka, maji yake yanaweza kuleta mshtuko wa ghafla wa kuua, na kila mbegu iliyomwagika yaweza kuwa kifuko kipya. Albendazoli huongezwa ili kuzuia kisirudi.

Kwa familia ya Kakuma, hiyo ni safari ndefu: yapata kilomita 120 hadi Lodwar, kisha mamia ya kilomita nyingine hadi kwa wapasuaji wa ubongo Eldoret au Nairobi. Na kurudi kupigwa picha ni lazima, kwa kuwa vifuko vimewahi kuota tena hata baada ya miaka 10.

Nawe uliye mjini, mpe mbwa wako dawa ya tegu kama daktari wa mifugo anavyoelekeza, usimtupie matumbo mabichi, na uwafundishe watoto kunawa mikono baada ya kucheza naye. Ikiwa mtoto wako anatibiwa uvimbe wowote, muulize daktari maswali matatu: dawa itaachwa lini, nani ataamua, na picha inayofuata itapigwa tarehe gani? Tarehe hiyo iandikeni kwenye kadi yake kabla hamjaondoka kliniki.