Kupanda ngazi bila faida: Kitendawili cha michezo ya kompyuta

MCHEZAJI wa michezo ya kompyuta ya kivita na kihadithi hutumia saa nyingi, pengine wiki nzima, akitafuta jambo moja: kupanda ngazi. Hata hivyo, ipo michezo ambayo mtu hupanda ngazi akajikuta yuko palepale, na wakati mwingine amerudi nyuma.

Utaratibu huu haukuanzia kwenye kompyuta. Ulipata umaarufu kupitia Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliobuniwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Humo, mhusika anayeshinda mapigano hujikusanyia pointi za uzoefu, na zikifikia kiasi fulani hupanda ngazi na kuongezewa nguvu. Mwaka 1986, kampuni ya Enix ya Japani ilitumia utaratibu kama huo katika Dragon Quest, mchezo uliochezwa kwenye runinga za nyumbani.

Ahadi iliyomo ni nyepesi kueleweka: adui aliyekushinda jana, kesho utamshinda wewe. Thamani ya ngazi hutokana na kupimwa dhidi ya kitu ambacho hakisogei.

Tatizo huanza pale adui naye anapopanda. Hali hiyo haitofautiani na ya mfanyakazi ambaye mshahara wake umeongezwa wakati ambapo bei ya unga, nauli na kodi ya nyumba zimepanda kwa kiasi kilekile. Tarakimu ni kubwa zaidi, lakini kapu la sokoni ni lilelile.

Mfano unaojulikana sana ni The Elder Scrolls IV: Oblivion, uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani Machi 2006. Katika mchezo huo, sehemu kubwa ya maadui hupangwa kulingana na ngazi ya mchezaji. Majambazi wa barabarani, ambao mwanzoni huvaa ngozi na manyoya, baadaye huonekana wamevaa deraya za thamani kubwa mno, huku wakiendelea kumdai mpita njia fedha kidogo tu.

Si hilo pekee. Mchezo una stadi 21, na mchezaji huchagua saba kuwa stadi zake kuu. Stadi hizo kuu zikiongezeka mara 10 kwa jumla, mhusika akalala kitandani, hupanda ngazi. Miongoni mwa stadi hizo zimo kukimbia, kuruka na kufanya biashara.

Matokeo yake ni kwamba mtu aliyechagua kukimbia na kuruka kuwa stadi kuu aliweza kupanda ngazi kadhaa bila kuongeza uhodari wa kutumia upanga. Maadui, kwa upande wao, waliongezeka nguvu kwa ajili ya vita. Mchezaji huyo alikuwa amejipalia makaa mwenyewe bila kujua.

Wajuzi wa mchezo walitafuta njia za kukwepa mtego huo. Wapo waliochagua kuwa stadi kuu zile wasizokusudia kuzitumia, ili wapande ngazi pale tu watakapo. Wengine walikataa kabisa kulala. Hapo ndipo kasoro ilipojidhihirisha: mchezo unaomtuza mtu kwa kupanda ngazi ulikuwa ukimfundisha aepuke kupanda.

Hata hivyo, Bethesda haikuwa ya kwanza. Katika Final Fantasy VIII, uliotolewa na kampuni ya Square ya Japani mwaka 1999, ngazi za maadui wengi hufuata wastani wa ngazi za kikosi cha mchezaji. Nguvu halisi hutokana na kuambatanisha uchawi na sifa za wahusika. Kwa sababu hiyo, mchezaji makini huweza kuwageuza maadui kuwa karata, njia isiyompa pointi za uzoefu, akabaki katika ngazi ya chini huku nguvu zake zikiongezeka.

Ni haki pia kueleza sababu za watengenezaji. Oblivion ni mchezo wa ulimwengu wazi, ambamo mtu huweza kwenda popote tangu siku ya kwanza. Kama kila eneo lingekuwa na maadui wa nguvu moja isiyobadilika, upande mmoja ungemuua mgeni papo hapo, na mwingine usingempa mkongwe changamoto yoyote. Kumfanya adui alingane na mchezaji kulilinda uhuru wa kutembea. Kosa lilikuwa kulitumia wazo hilo karibu kila mahali.

Marekebisho yalifuata. Katika Skyrim, uliotoka mwaka 2011, Bethesda iliyapa maeneo mengi viwango vya chini na vya juu vya ugumu. Wapo pia majitu wanaochunga mamothi, ambao humuua mgeni kwa pigo moja. Mchezaji anayerudi baadaye na kuwashinda hupata ushahidi kwamba jasho lake halikupotea.

Aprili 2025, Oblivion ulitolewa upya. Sasa stadi zote huchangia katika kupanda ngazi, na kila ngazi humpa mchezaji pointi 12 za kugawa katika sifa zake. Maadui bado hupanda pamoja naye, lakini hatari ya kudhoofika kwa kuchagua stadi vibaya imepungua sana.

Kwa mzazi au kijana anayenunua mchezo wa aina hii, swali la kujiuliza si ngazi ziko ngapi. Aulize kama baada ya ngazi 10 kuna mlango uliofungwa ambao sasa utafunguka, au adui wa zamani ambaye sasa atakimbia. Pasipo vitu hivyo, saa anazotumia ni sawa na kutwanga maji kwenye kinu.