Utando Juu ya Maji ya Tangi la Samaki

Maji yanaonekana maangavu, mimea imestawi, samaki wanakula vizuri. Lakini ukiinama ukautazama uso wa maji kutoka ubavuni, unaona ngozi nyembamba ya kijivu, mara nyingine iking'aa rangi rangi kama petroli iliyomwagika. Wanaofuga samaki wa mapambo kwenye matangi yenye mimea wanaijua vizuri, na wengi huulizia dawa yake dukani. Dawa ya kutia majini ni kupoteza hela. Cha kufanya ni kuyatikisa maji kisha kutafuta utando unatoka wapi.

Mara nyingi unatokana na mafuta na protini za majani yanayooza, chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki. Vitu hivi hupanda juu na kutanda, bakteria nao huvifuata, hula, huzaliana, na utando unazidi kunenepa. Tangi jipya ndilo linalosumbua zaidi. Mimea mingi ya dukani hukuzwa majani yakiwa nje ya maji. Ikizamishwa, majani hayo ya zamani hufa na kuoza kabla mapya hayajashika. Yakate mapema, usisubiri yayeyuke yenyewe.

Kuna pia utando wa bakteria wa chuma, ambao hutokea maji yanapokuwa na madini ya chuma kwa wingi, kama ya baadhi ya visima. Kuutambua ni rahisi. Gusa uso wa maji kwa ncha ya penseli. Mafuta yakitenganishwa hurudi kuungana papo hapo. Wa bakteria wa chuma hupasuka vipande vyenye kingo, na vipande hivyo hubaki vimetengana.

Madhara yake ni nini? Wengi husema utando unaziba hewa isiingie. Kuna ukweli ndani yake, ila kubwa zaidi ni kwamba unatuliza viwimbi. Mwaka 1774 Benjamin Franklin, Mmarekani, alichapisha habari za jaribio lake kwenye bwawa la Clapham, London: mafuta yasiyozidi kijiko cha chai yalienea hadi karibu nusu ekari ya maji ikawa shwari. Katika tangi, utulivu huo una gharama, maana viwimbi ndivyo vinavyosaidia maji ya juu kubadilishana hewa na yaliyo chini. Maji ya nyuzi 28, joto la kawaida kwa tangi la Dar es Salaam au Mombasa, hayawezi kubeba zaidi ya takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Usiku mimea nayo huitumia oksijeni hiyo pamoja na samaki. Umeme ukikatika, pampu ikanyamaza, utando ukatanda, alfajiri utawakuta samaki wamekusanyika juu wakihema.

Wanaotia kaboni dayoksaidi kwa mtungi huogopa kutikisa maji wasiipoteze. Hofu yao ina msingi, lakini wengi huizidisha. Mdomo wa chujio ukiinuliwa mpaka uso wa maji utetemeke tu, bila kububujika, gesi inayopotea ni kidogo, na inafidiwa kwa kufungua mtungi kidogo zaidi. Asiyetumia mtungi ndiye hana sababu kabisa ya kuogopa: mchana mimea yake humaliza kaboni dayoksaidi iliyomo majini, na nyingine hutoka hewani kupitia uso huohuo.

Kwa nafuu ya haraka, zima pampu, chukua karatasi ya tishu ya jikoni isiyo na manukato, uishike kwa pembe mbili na kuilaza taratibu juu ya maji. Ikishalowa, iburute kuelekea ukingoni uinyanyue. Utando hutoka nayo. Anayeweza kununua kifyonza-uso cha kufunga kwenye chujio ataokoa kazi hiyo. Lakini ukiondoa leo na kesho umerudi mzito, punguza chakula, badilisha theluthi ya maji, kisha angalia nyuma ya magogo na mawe: huenda kuna samaki aliyekufa.

Wapo pia viumbe wanaoula utando. Samaki aina ya moli huulamba kutwa, ingawa hamalizi tatizo peke yake. Konokono wakubwa wa jamii ya Pomacea hukunja mguu kama faneli kwenye uso wa maji na kuuvuta wote mdomoni, na ni jambo la kupendeza kulitazama. Hata hivyo usiwanunue. Mmoja wa jamii hiyo, Pomacea canaliculata, aligunduliwa mwaka 2020 katika mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, ambako hula miche michanga ya wakulima. Kama tayari unao, usiwatupe mtoni, mtaroni wala bwawani.