Je, Wajua? Seva Nzima Hufungiwa Nje kwa Namba Moja Tu

Je, wajua kwamba seva nzima, na programu zake zote na kumbukumbu za maelfu ya watu, inaweza kuwa faili moja tu? Ndiyo, moja! Seva ya namna hiyo huitwa seva pepe, na haina chuma chake yenyewe. Diski yake mara nyingi ni faili lililolala kwenye hifadhi ya pamoja, huko upande wa pili wa kebo.

Mtu wa Lupiro hahitaji kuelezwa sana hapo. Kabla ya Daraja la Magufuli, lenye mita 384 na lililozinduliwa mwaka 2018, duka lako lilikuwa Lupiro, mzigo wako Ifakara, na katikati mto Kilombero na kivuko chake. Seva na hifadhi yake huishi hivyo hivyo, kila sekunde.

Unadhani seva pepe ni mambo ya juzi? IBM ilitoa VM/370, mfumo wake wa mashine pepe, mwaka 1972. Mwaka huo mafundi wa TAZARA walikuwa bado wanatandika ile reli ya kilomita 1,860 inayopita Ifakara!

Sasa shika hili. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge na wenzao wa Copenhagen walionyesha seva ya mchezo wa Quake 3 ikihama kutoka mashine moja kwenda nyingine, wachezaji wakiwa katikati ya mapambano. Ilisimama kwa milisekunde 60. Kope lako lisingemaliza kufumba! Siri yake? Diski haikuhama. Ilikuwa kwenye hifadhi ya pamoja tangu mwanzo.

Nawe unajua kwa nini jambo hili ni letu? Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikifuatilia kaya za Kilombero na Ulanga tangu mwaka 1996, na watafiti wake wamekamata mbu Lupiro mwaka baada ya mwaka. Rekodi za namna hiyo hazina bei. Siku faili likikataa kufunguka, fundi wa TEHAMA anatokwa jasho kweli kweli.

Basi msogelee fundi huyo, maana maajabu yenyewe yako hapa. Je, wajua kwamba hifadhi mara nyingi haijui jina lako kabisa? NFS, utaratibu wa kugawana mafaili uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 1984, kwa mpangilio wake wa kawaida humtambua mtu kwa namba. Jina ni pambo tu!

Kwenye Linux nyingi mtumiaji wa kwanza hupewa 1000. Tuseme Asha ndiye wa kwanza kwenye mashine ya Ifakara, na Juma ndiye wa kwanza kwenye mashine ya Lupiro. Hifadhi inawaona mtu mmoja! Mafaili ya Asha yatamfungukia Juma bila kinyongo, na siku Asha akihamia mashine ambako yeye ni 1003, mafaili yake mwenyewe yatamkana mchana kweupe. Ukipata kesi hii, andika neno moja, id, kwenye kila mashine na ulinganishe. Tazama namba, usitazame majina.

Na mkubwa wa mashine je, yule ruti mwenye namba 0, anayeweza kufuta chochote? Akivuka kwenda kwenye hifadhi ya NFS, kwa kawaida anavuliwa cheo mlangoni na kupewa namba 65534, namba ya "si mtu yeyote". Fikiria! Bwana mkubwa wa upande huu, ng'ambo hatambuliki. Ndiyo maana seva pepe inayowashwa na ruti huweza kukataliwa faili lake lenyewe, na fundi mgeni anaapa kwamba hifadhi imekufa. Kumbe hifadhi ni nzima kabisa.

Umewahi kuona faili lenye ruhusa 777, wazi kwa kila mtu, na bado halifunguki? Panda juu, folda baada ya folda. Folda moja tu ya juu ikikosa ruhusa ya kupita, yote ya chini yamefungwa. Mlango wa chumba uko wazi, geti la ua lina kufuli.

Je, wajua kwamba kufuli mojawapo maarufu la Linux lilitengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, likatolewa hadharani mwaka 2000? Linaitwa SELinux. Ndani yake kuna swichi ndogo, virt_use_nfs. Ikizimwa, seva pepe haigusi hifadhi ya NFS hata namba na ruhusa zote zikiwa sawasawa.

Hili nalipenda kuliko yote. Pingi, ule ujumbe mfupi wa kupima mtandao, inajibu vizuri, lakini faili kubwa linaganda! Pingi ya kawaida ya Linux hubeba baiti 64 tu. Mtandao wa kawaida hupitisha 1,500, na wengine huuongeza hadi 9,000 ili hifadhi ikimbie. Swichi moja ya katikati ikisahaulika kwenye 1,500, baiskeli inapita, lori linakwama. Kwa hiyo usimwambie mtu "mtandao uko sawa" kwa sababu pingi imejibu. Tuma pingi nene!

Ujumbe wa "imeshindikana kupata kufuli" unakuudhi? Ushukuru. Seva mbili zikiandika kwenye faili moja la diski kwa wakati mmoja, diski inaharibika. Tangu mwaka 2017 QEMU, programu inayoendesha seva pepe, huweka kufuli yenyewe, na kelele hiyo ni mlinzi anayefanya kazi yake. Kabla ya kulilazimisha kufuli hilo, tafuta kwanza ni mashine gani nyingine inalitumia faili.

Na saa ya ukutani? Nayo inafunga milango! Kerberos, mlinzi aliyepewa jina la mbwa wa vichwa vitatu wa hadithi za Wayunani, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Seva yako ikichelewa dakika 6, hata nywila sahihi haikusaidii.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika chini ya bahari na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Lakini seva na hifadhi zilizounganishwa ndani ya jengo moja hazihitaji bahari. Ziliweza kuendelea kuongea kama kawaida!

La mwisho, na hili liandike kwenye kalenda. Kompyuta zinazohesabu sekunde kwa biti 32, kuanzia mwaka 1970, zitaishiwa namba tarehe 19 Januari 2038, na saa zake zitaruka kurudi mwaka 1901. Kwa saa za Lupiro itakuwa Jumanne, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi.