Kitanda Usichokilalia: Funzo la Mafundi wa Kompyuta kwa Vyama vya Msingi



Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Methali hii yafaa kukumbukwa wakati huu ambapo vyama vyetu vya Musoma, Bunda na Butiama vinatoka katika daftari na kuingia katika kumbukumbu za kompyuta, ukiwamo Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU) wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Makala haya yanaeleza jambo moja. Chombo cha kazi, kiwe fomu ya karatasi au programu, hakina budi kutumiwa kwanza na aliyekitengeneza, kisha na mtu asiyekijua, kabla ya kukabidhiwa mali ya wakulima.

Tuanze na mafundi wenyewe wa kompyuta. Linux ni programu kuu ya kuendeshea kompyuta, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini. Hutengenezwa na watu wengi walio mbalimbali duniani, nao huhitaji daftari la pamoja linaloonyesha nani alibadili nini, na lini. Kwa miaka kadhaa walitumia chombo cha kampuni moja, walichoruhusiwa kukitumia bila malipo. Aprili 2005 ruhusa hiyo iliondolewa. Torvalds alianza kutengeneza chombo kipya, Git, tarehe 3 Aprili. Ilipofika tarehe 7 Aprili, mabadiliko ya Git yalikuwa yakiandikwa ndani ya Git yenyewe. Juni 2005 lilitoka toleo la Linux namba 2.6.12, la kwanza kusimamiwa kwa chombo hicho.

Katibu wa chama ataielewa Git bila shida. Kila ingizo lina jina la mwandishi, tarehe, na alama inayolifunga na ingizo lililotangulia. Mtu akibadili ingizo la zamani kwa siri, alama zote zinazofuata huacha kulingana, na udanganyifu huonekana. Ni kanuni ile ile ya daftari la kurasa zenye namba, ambalo halichanwi wala kufutwa.

Mafundi hao walijifunza nini kwa kutumia chombo chao wenyewe? Kwanza, kasoro inayomsumbua mtengenezaji kila siku hairundikani. Pili, walitambua kuwa wepesi wa chombo si anasa. Torvalds alijiwekea sharti kwamba kupokea badiliko moja kusizidi sekunde 3, kwa kuwa alijua mabadiliko mangapi humfikia kwa siku. Tatu, na hili ni funzo chungu, mtengenezaji haoni ugumu ambao amekwisha kuuzoea. Git ya mwanzo iliwafaa wajuzi, lakini wageni waliiona kuwa ngumu mno, na ilihitaji kazi ya watu wengine wengi ili ilainike. Kinyozi hajinyoi: upande wa kisogo lazima autazame mwingine.

Hapa jirani, Kenya, upo mfano wa namna hiyo. Januari 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, vijana walitengeneza Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha katika ramani. Kwa kuwa walifanya kazi Nairobi, kukatika kwa umeme na intaneti kulikuwa shida yao wenyewe. Ndiyo maana mwaka 2013 walitangaza BRCK, kifaa cha kuunganisha intaneti chenye betri iliyokusudiwa kudumu saa 8 umeme ukikatika. Fundi aliye mahali ambapo umeme haukatiki asingeliona haja hiyo upesi.

Sasa tuitazame mizani yetu. Msimu wa pamba, wakulima wamepanga foleni kituoni. Tuseme fomu mpya ina nafasi moja tu ya uzito, ilhali mkulima ameleta pamba safi na pamba fifi, ambazo bei zake si sawa. Au tuseme kila ingizo lachukua dakika tano na mtandao umepotea. Karani atafanya nini? Ataandika katika karatasi ya pembeni, kisha usiku ahamishe tarakimu kwa kukumbuka. Chama kitakuwa na mfumo mpya kwa jina, huku kumbukumbu ya kweli ikiwa katika kipande cha karatasi mfukoni mwa karani. Katika safari hiyo, kutoka mfukoni hadi kwenye mfumo, ndimo kilo za mkulima hupotelea, iwe kwa uzembe au kwa wizi. Naye mkaguzi akija hana njia ya kutenganisha hayo mawili.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea fomu au programu mpya, vyama vizingatie haya:

1. Aliyeitengeneza aje kituoni, si ofisini mjini, aingize mwenyewe stakabadhi 20 za msimu uliopita, mbele ya karani.

2. Kisha karani afanye kazi hiyo hiyo bila kusaidiwa. Kila anapokwama paandikwe, pamoja na tarehe na jina la atakayerekebisha.

3. Mwanachama asiye kiongozi apewe taarifa iliyotoka katika mfumo, aisome, aeleze anadai kiasi gani. Akishindwa, kosa si lake.

4. Daftari la zamani na mfumo mpya viende sambamba kwa muda utakaokubaliwa, na jumla za kila siku zilinganishwe kabla ya kufunga kituo.

5. Karatasi za pembeni zisichomwe wala kufichwa. Ziletwe kwa kamati, kwa maana zinaonyesha mahali ambapo chombo kimeshindwa.

Sharti hili linatuhusu pia sisi wakaguzi na maofisa tunaotunga fomu za taarifa. Anayedai safu 30 zijazwe kila mwezi na azijaze yeye kwanza, kwa vitabu halisi vya chama kimoja, ahesabu saa alizotumia. Safu asiyoweza kueleza matumizi yake na aiondoe.

Ushirika ni mali ya wanachama, na daftari ndilo jicho lao juu ya mali hiyo. Haifai mtu kuwakabidhi wenziwe jicho ambalo yeye mwenyewe hajapata kulitazamia.